Kutu Yenye Nyumba Mbili

Waliokuja kupaka rangi walikuwa wawili, na walikuwa na adabu. Walibisha hodi, wakangoja, wakabisha tena. Mmoja alishika kopo la rangi nyekundu, mwenzake brashi, na buti zao za mpira zilikuwa zimeoshwa zikatakata. Mama Miche alifuta mikono yenye udongo kwenye aproni, akafungua lango akidhani ni wateja.

"Karibuni, karibuni. Miche ile mirefu imeshaagizwa na shule, lakini ya kupandia nyumbani ipo ya kutosha."

"Ahsante, mama. Hatununui," alisema mwenye kopo. "Tunaomba tu kupita kwenye ua."

Ua wenyewe ulizunguka kiwanja chote, mrefu kuliko mtu mzima, umesongamana hata paka hapiti. Watu waliuita mti huo miiba-mitatu, kwa sababu kila penye kishada cha majani palichomoza miiba mitatu iliyojitanua kama mguu wa kuku. Mama Miche alichukua mbegu na vipande vya matawi humo, akavipanda kwenye viriba vya plastiki, akaviuza vikishashika mizizi. Mume wake alikuwa fundi wa pampu za maji, na pampu siku hizi haziharibiki kama zamani. Kwa hiyo nyumba ile ilikula ua, ikavaa ua, ikajitibu kwa ua.

Mwenye brashi alichuchumaa kwenye shina la kwanza, akachora mistari miwili iliyokatana. Akasogea la pili.

"Hiyo nini, baba?"

"Alama, mama."

"Kwamba ni alama naona. Ya nini?"

"Ya kukatwa."

Mama Miche alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri amaliziwe mzaha. Haukumaliziwa. Mwenye kopo alieleza kwa sauti ya chini, akitazama buti zake, kwamba kutu imeingia kwenye ngano huko juu, mashina yamepauka na kuvunjika kabla punje hazijajaa. Mtaalamu wa kituo amesema inatoka kwenye miti ya miiba kama hii. Keshokutwa watakuja na misumeno. Na ile miche ya kwenye viriba, tafadhali, isitoke nje ya lango.

"Kituo kipi hicho?"

"Cha magonjwa ya mimea."

Hapo Mama Miche alishusha pumzi, uso ukamchanua. "Si mngesema mapema! Mdogo wangu yuko huko huko. Analala chumba kile pale chenye pazia la bluu. Nimemlea mwenyewe. Msomi, ndivyo tunavyomwita hapa."

Wale watu wawili walitazamana. Mwenye kopo aliinama akagandamiza kifuniko ambacho kilikuwa tayari kimefungwa.

"Basi muulize yeye, mama," alisema. Wakaaga, wakarudisha lango taratibu lisigongane.

Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa amekaa kizingitini akipukuchua maharage. "Wamekuachia rangi," alisema, "wamekunyima maneno."

Jioni Msomi hakurudi. Simu yake iliita mpaka ikachoka. Baadaye ukaja ujumbe kwamba kazi ni nyingi, atalala kituoni.

"Ni hili hili la kutu," alisema Mama Miche akipakua. "Maskini, watakuwa wamemwelemea. Akijua wamefika kwetu, atawasimamisha."

Mumewe, Fundi, alinawa grisi mikononi mara mbili na bado ikabaki kwenye kucha. "Nenda kesho mwenyewe. Simu haishiki mtu shati."

"Msomi ana mambo," alisema Bibi. "Juzi kanimwagia maharage yangu mezani, eti anifundishe kazi yake. Haya mekundu ni kutu, haya meusi ni fugwe, ule ugonjwa unaogeuza masuke kuwa masizi. Zamani wataalamu waliyaweka kundi moja, wakayahesabu ndugu, kwa kuwa yote hula mmea ungali hai na yote huacha vumbi. Baadaye wakachungulia vizuri, wakakuta undugu ni wa mbali, wakayatenga. Nikamuuliza, waliwatenga kwa ugomvi gani? Akacheka mpaka akapaliwa."

"Na yale maharage je?" aliuliza Fundi.

"Tuliyapika. Ulikula kutu na fugwe sufuria moja, ukaongeza."

Walicheka, na kicheko kiliwafaa. Kisha Bibi akakumbuka. "Halafu akanitegea kitendawili. Nina jamaa mwenye nyumba mbili. Nyumba hii huvaa njano, nyumba ile huvaa nyekundu, na kila nyumba inamjua kwa jina lake. Nikataja mume wa wake wawili. Siye. Nikataja jua. Silo. Nikampa mji, mji mkubwa kabisa wenye maghorofa, akaenda nao kulala. Jibu hakunipa."

"Atakupa," alisema Mama Miche. "Huyo hajawahi kula mji wa mtu bure."

Langoni mwa kituo cha magonjwa ya mimea kulikuwa na beseni pana lenye maji ya dawa.

"Kanyaga humo, mama. Miguu yote miwili," alisema mlinzi.

"Na viatu vyangu vya ngozi?"

"Na viatu. Umetoka kwenye mimea?"

"Nimetoka nyumbani kwangu."

"Nyumbani kuna mimea?" Hakungoja jibu. Alimnusa kwa macho. "Nipe na huo mtandio. Unaweza kuwa umebeba vumbi la ugonjwa. Utaukuta ukitoka."

Mama Miche aliutoa mtandio aliouchagua asubuhi kwa ajili ya heshima ya mdogo wake. Mlinzi akautia kwenye mfuko wa plastiki kwa ncha za vidole, akaufunga fundo. Basi akaingia kichwa wazi, viatu vikilia maji, akakaa kwenye benchi alipoonyeshwa. Wahudumu walipita. Mmoja aliruka alama za miguu yake sakafuni.

Alipoona koti jeupe la Msomi likitokea mwisho wa ukumbi, alisimama mikono imeshanyooka tayari kumkumbatia. Pembeni ya Msomi alikuwa mkurugenzi wa kituo, mtu mzima mwenye sauti laini.

"Shikamoo, mama," alisema Msomi. "Karibu."

Tangu ajue kusema, alikuwa hajawahi kumwita dada yake mama. Mama Miche alidhani ni utani wa kazini, akafungua mdomo acheke. Aliyatazama macho ya Msomi, akaufunga.

"Marahaba," alijibu.

"Mnafahamiana?" aliuliza mkurugenzi.

"Ni mmoja wa wenye ua," alisema Msomi.

Mkurugenzi alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa mrefu. Alimpeleka Mama Miche kwenye chumba cha makabati, ili, kama alivyosema, asiondoke akidhani ameonewa. Akavuta droo. Humo majani makavu yalilala kwenye bahasha zilizopangwa kama nguo za mtoto. Kutu upande huu, fugwe upande ule. Akamweleza kwamba kila moja ina kundi, chini ya kundi ina jamaa, chini ya jamaa ina jina, na kwamba ukikosea kundi umekosea dawa.

"Sasa hii yako ina maajabu, mama. Ina nyumba mbili. Kwenye mti wako inakaa chini ya jani, vikombe vidogo vya njano. Upepo ukilichukua vumbi lake likaangukia ngano, huko inavaa nyekundu kama tofali. Wazee wa elimu hii walidhani ni viumbe viwili, wakaipa kila nyumba jina lake. Kumbe jamaa ni yule yule."

Mama Miche alisikia masikio yakimwaka. Lile lilikuwa jibu la kitendawili ambalo Bibi hakupewa. Msomi alikuwa amekaa mezani pao, akala chakula chao, akawategea wenyewe nyumba yao kama kitendawili.

"Na kazi hii yote kaifanya huyu binti," mkurugenzi aliendelea, akimgusa Msomi bega. "Msimu baada ya msimu amekuwa akileta majani ya ua mmoja tu. Na majani gani! Mabichi, yamechumwa na umande wake, yamefungwa kitambaa chenye maji. Sijui anampata wapi mchumaji mwangalifu hivyo. Mwezi ujao ataongoza kitengo chote cha kutu na fugwe."

Mama Miche aliitazama mikono yake. Mikwaruzo ya miiba ilikuwa bado inaonekana kwenye vifundo. Msomi alikuwa akisema, "Dada, nichumie yale yenye madoadoa, nayapenda tu kuyaangalia," naye alikuwa akitangulia kuamka ayachume kabla jua halijayalegeza. Alingoja sasa mdogo wake aseme neno. Alimpa muda wote wa kulisema. Msomi alisukuma droo ikafunga.

"Kweli," alisema Mama Miche, "ni majani yaliyochumwa vizuri." Halafu akaomba, kwa kuwa ndilo lililomleta. "Baba, siwezi kupewa muda kidogo? Kuna shule imeagiza miche ya kuzungushia uwanja wote. Tumeitegemea hiyo."

"Mama yangu, ngano ni mkate wa watu wote," alisema mkurugenzi kwa upole. "Pole sana. Kutoka nje ni kushoto."

Langoni mlinzi alimrudishia mtandio. Ulikuwa umelowa dawa, una madoa meupe. Akauvaa hivyo hivyo.

Msomi alikuja nyumbani alasiri, akapitia mlango wa jikoni. Mama Miche alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Dada."

"Karibu, mtumishi. Unamtafuta nani? Mwenye ua ndiye mimi."

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Nimekufanya nini? Umebisha, nimekuitikia."

Msomi alikaa kwenye kigoda chake cha siku zote. Alikuwa amelia njiani, uso umevimba. "Kuna kanuni pale. Mtaalamu hachunguzi nyumba ya ndugu yake. Ningesema wewe ni dada yangu, wangenipokonya kazi yote wakampa yule mwingine aanze upya, na cheo kingekwenda naye. Misimu yote ile ingekuwa bure."

"Kwa hiyo ukanitoa kwenye ukoo."

"Kwa siku moja tu!"

"Siku moja," alisema Mama Miche, akatupa kijiwe dirishani. "Nami nilidhani unachoka na kazi za watu. Najiambia, acha nimchumie mtoto wa watu majani anayoyapenda. Kumbe nachuma kamba ya shingo yangu. Kwa nini hukuniambia ni ya nini?"

"Ningekuambia, usingenipa."

Mama Miche aliinua kichwa sasa. "Ningekupa."

"Dada..."

"Ningekupa, Msomi. Ungeniambia, dada, huenda ua wetu unaua ngano ya watu, nataka kujua. Ningekuchumia jani mpaka la mwisho. Ungeomba tu."

Bibi alikuwa ameingia na ungo wake, akasimama karibu na jiko. "Hebu niambie jambo," alisema. "Yale maharage mekundu uliyagawa tena siku ile. Ukasema haya yanafanana sura, yanapishana tumbo. Sikukuelewa, nikanyamaza nisionekane mshamba. Tumbo gani lile?"

Bomba lilidondosha tone kwenye ndoo, likadondosha lingine.

"Jibu," alisema Mama Miche.

"Jina la hii kutu ni moja. Lakini chini ya jina kuna vikundi. Ukiviweka kwenye hadubini huvitofautishi, ni mapacha. Kimoja hula ngano. Kingine hula shayiri. Kingine hula nyasi za porini tu, ngano hakiigusi."

"Cha kwetu kipi?"

Msomi alichokonoa kucha zake.

"Mnavitambuaje?" Ilikuwa sauti ya Fundi, amesimama mlangoni na spana mkononi. Hakuna aliyemsikia akifika.

"Unachukua vumbi la jani, shemeji, unalipulizia kwenye miche michanga ya ngano, unaifunika ipate unyevu. Unangoja. Kama ndicho chenyewe, ngano inaota kutu."

"Ulifanya?"

"Nilifanya."

"Ngano ikawaje?"

"Ikabaki kijani."

Mchele uliacha kuchambuliwa. Bibi aliutua ungo wake chini.

"Lakini hilo halihesabiki!" Msomi alisimama. "Mtambo wa kupoza uliharibika, chumba kikawa moto, na kwenye joto vumbi halishiki hata kama ndilo lenyewe. Jaribio kama hilo halisemi ndiyo, halisemi hapana. Na majani mengine yalikuwa yameshalegea, na taarifa inatakiwa, na ngano za watu zinaanguka, kila mtu ananitazama mimi. Ningesema sijui? Mtaalamu mzima nisimame niseme sijui?"

"Kwa hiyo hujui."

"Jina nililoandika ni sahihi. Hakuna mahali nimeandika uongo, dada, naapa."

"Umetaja ukoo, ukamwacha mtu," alisema Mama Miche. "Mmoja wa ukoo ameiba, nawe umewaonyesha askari nyumba ya yeyote mwenye jina hilo. Umewaonyesha ya kwetu kwa sababu ndiyo uliyokuwa na ufunguo wake."

Msomi alipiga magoti pale chini penye pumba. Alisema kesho hiyo hiyo, kabla msumeno haujagusa tawi, atamwambia mkurugenzi jaribio lilikwenda vibaya, na kwamba lirudiwe. Alisema na undugu wao atautaja. Cheo kiende kama kinakwenda. Alisema hayo mara nyingi, na kila mara sauti yake ikazidi kuwa ya yule mtoto aliyelelewa humo ndani, mpaka Mama Miche akaweka ungo pembeni.

"Inuka. Unajichafua."

"Kula kwanza, mwanangu," alisema Bibi, "ukaseme ukiwa umeshiba. Maneno ya njaa yanayumba."

Walikula pamoja. Baada ya chakula Mama Miche alichukua ndoo akaimwagilia miche ya shule, safu baada ya safu, kama vile mwalimu atakuja kuichukua wiki hiyo.

Asubuhi chumba chenye pazia la bluu kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa. "Amewahi ili awawahi," Mama Miche alimwambia mumewe, na akavaa mtandio ule wenye madoa kwa kuwa mwingine ulikuwa haujakauka.

Gari la kituo lilifika na wakataji nyuma, misumeno mapajani. Mbele alikaa mkurugenzi, na kati yake na dereva alikaa Msomi, koti jeupe limepigwa pasi. Majirani walikuwa wameshajaa barabarani. Baadhi yao walikuwa wenye ngano, na hao ndio waliosimama karibu.

Mkurugenzi aliwasalimu watu, akatoa pole kwa wenye nyumba, akaeleza tena habari ya nyumba mbili. Alieleza vizuri, watu wakaguna kwa mshangao.

"Kabla hatujaanza," alisema, "kuna mwenye neno?"

Mama Miche hakumtazama mkurugenzi. Alimtazama mdogo wake, naye Msomi akapandisha pumzi, midomo ikaachana. Fundi aliona, Bibi aliona. Jirani mmoja mwenye shamba akapaza sauti kutoka nyuma, "Neno gani tena? Kateni, ngano zetu zinaliwa!" Midomo ya Msomi ikakutana.

"Mimi ninalo," alisema Mama Miche. "Mkuu, muulize mtaalamu wako ngano ilikuwaje alipoipulizia vumbi la ua huu."

Mkurugenzi aligeuka. "Jaribio gani hilo?"

"Sifahamu mama anazungumzia nini, mkuu," alisema Msomi. Alilisema kwa utulivu, kama anayemwonea mtu huruma. "Labda amesikia mahali."

"Amesikia jikoni kwetu!" Fundi alisogea mbele. "Jana! Ulipiga magoti hapo ndani! Mkuu, huyu ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu kwa baba na mama, analala chumba kile pale!"

Watu wakanong'ona. Mkurugenzi alilitazama pazia la bluu, kisha akamtazama Msomi. "Ni kweli?"

"Nilipanga chumba hapa," alisema Msomi. "Nilikuwa mpangaji."

"Kodi ulimlipa nani?" aliuliza Bibi.

Watu walicheka. Walimcheka Bibi, kikongwe mwenye ulimi, na kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu, maana mzozo uligeuka kuwa sinema ya mtaani na mkurugenzi alikuwa mtu asiyependa sinema. Alitazama misumeno, akatazama wenye ngano waliokunja mikono, akatazama saa.

"Hili tutalizungumza kituoni," alisema bila kumtazama yeyote. Akawapungia wakataji mkono.

Miti ya miiba-mitatu haikatiki kwa furaha. Iliwachana wakataji mashati, ikawatia damu, nao wakaikata kwa hasira zaidi. Ua ulipolala, nyumba ilionekana yote kutoka barabarani: kamba ya nguo, choo, ndoo iliyopasuka, gauni la Bibi la kulalia. Majirani waliokuwa wakija hapo kwa miaka waliyatazama hayo kama mara ya kwanza. Viriba vilimwagwa kimoja kimoja, miche ikang'olewa na kutupwa juu ya matawi. Mwalimu wa shule alisimama langoni kwa muda, lango lisilo na ua kulia wala kushoto, akaondoka bila kubisha.

Walimwaga mafuta ya taa, wakawasha. Msomi alibaki ndani ya gari, kioo kimepandishwa.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, lundo lilikuwa limeshuka likawa makaa, linatoa ndimi ndogo hapa na pale. Mama Miche alikuwa akikusanya viriba vitupu kwenye toroli. Alipolisogeza toroli aliona chini yake kitawi kilichosahauliwa, kina majani matatu manne, mabichi bado. Alikigeuza. Chini ya jani moja vilikaa vikombe vya njano, vidogo, vizuri, kama vilivyochorwa kwa subira.

Msomi alikuja kwa miguu, hana koti. Hakumwona dada yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye lundo akaanza kulifukua kwa kijiti, akipindua matawi meusi, akiinama, akikohoa moshi.

"Umepoteza nini, mpangaji?"

Alishtuka. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa majivu. "Mkurugenzi ameniuliza. Ofisini, sisi wawili. Nimemwambia kuhusu jaribio." Alimeza mate. "Si yote, lakini jaribio nimemwambia. Amesema mtambo umetengenezwa, nilete jani bichi la ua huu, nirudie. Nimepita kila mahali, dada. Hakuna." Hapo ndipo alipokiona kitawi mkononi mwa Mama Miche, na uso wake ukafunguka wote. "Ah! Dada! Jani lina kutu? Lina vikombe?"

"Linavyo."

"Nipe. Tafadhali. Nikipata hili naweza kusafisha jina lako. Kama kutu yako si ya ngano, nitasema mbele ya watu wote. Watakulipa ua wako."

"Na ngano ikiota kutu?"

"Nitasema imeota."

"Isipoota?"

"Nitasema haikuota."

"Nami nitajuaje umeona nini?"

Msomi alinyoosha mkono, mkono ukabaki hewani. "Nitakuambia, dada."

"Uliniambia jana."

Nyuma yao Bibi alikuwa akianua nguo haraka haraka, kwa kuwa sasa kila mpita njia alikuwa akizihesabu. Mama Miche alikigeuza kile kitawi tena na tena.

"Jana ulisema kijani. Leo asubuhi hukujua mama anazungumzia nini. Kesho utatoka kwenye kile chumba chako na neno, na neno hilo ndilo litakuwa mimi. Chumba ni chako, macho ni yako, mdomo ni wako. Nami natakiwa nikae benchi nikungoje, miguu imelowa."

"Ukilitupa hatutajua kamwe! Hata mimi sitajua! Dada, kweli sijui, huenda ni yenyewe, huenda siyo, nitaishi nalo vipi?"

"Sijui," alisema Mama Miche. "Unaona? Ni neno linalosemeka."

Akakitupa kitawi kwenye makaa. Majani yalijikunja, yakatoa povu pembeni. Msomi aliutia mkono wake humo, mzima, hadi kifundoni, akaupapasa moto akapiga ukelele, na alipouchomoa ulikuwa mtupu.

Mama Miche aliingia jikoni akajaza beseni maji baridi. Alilileta nje kwa mikono miwili, akalitua chini hatua kadhaa kutoka pale mdogo wake alipokuwa amejikunja na mkono wake kifuani. Hakulisogeza karibu zaidi. Akarudi kwenye toroli, akaendelea kukusanya viriba.